Kipimo cha mazoezi kwa mtoto mwenye pumu, selimundu au kisukari

Mtoto akishagundulika ana pumu, selimundu au kisukari, shuleni hupelekwa barua: "Naomba mwanangu asamehewe michezo." Mwalimu anaipokea, mtoto anawekwa chini ya mwembe kulinda masweta ya wenzake, na huenda akakaa hapo hadi darasa la saba. Barua hiyo huandikwa kwa huruma, ila kitabibu ni sawa na kumnyima dawa. Mtoto wa pumu asiyecheza hupungukiwa stamina. Akipungukiwa, huhema kwa kupanda kilima kidogo tu, nyumbani wanasema pumu imezidi, naye anakatazwa zaidi. Wa kisukari asiyecheza huhitaji insulini nyingi zaidi kwa chakula kilekile. Wa selimundu misuli hulegea, na siku akilazimika kukimbilia daladala, mwendo huohuo mfupi unamchosha kupita kiasi.

Kinachotakiwa mahali pa barua ile ni karatasi ya kipimo: acheze nini, kwa ukali gani, muda gani, atumie nini kabla, na asimame lini. Maelezo haya ni ya kukusaidia kuiandaa pamoja na kliniki yake. Mabadiliko ya dawa, hasa insulini, yapitishwe huko kwanza.

Dozi yenyewe

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya ukali wa kati hadi makali, na walau siku 3 kwa wiki ziwe na ya makali pamoja na ya kuimarisha misuli na mifupa. Watoto wenye ulemavu nao wametajwa humo, na kiwango chao hakikushushwa. Wadogo wa miaka 3 na 4 wanahitaji dakika 180 za kuwa katika mwendo kwa siku, 60 kati yake za kutoa jasho. Hizi huwa wanajipatia wenyewe wasipowekewa simu mkononi.

Ukali hupimwa kwa mdomo. Mtoto anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yuko kwenye ukali wa kati. Anayetoa maneno mawili matatu kisha anavuta pumzi yuko kwenye makali. Akiimba kwa raha, hayo bado ni matembezi. Ndiyo maana kwenda shule kwa miguu dakika 20 huku akipiga soga na wenzake hakuhesabiwi, ila dakika 20 zilezile kwa mwendo wa aliyechelewa kengele zinahesabiwa.

Aliyekaa muda mrefu bila kucheza aanze na dakika 10 mara mbili kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kila wiki ongeza dakika 5 kwenye kila awamu, na wiki ya tano atakuwa amefika nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Ongeza muda kwanza, ukali baadaye. Wengi hukosea kwa kuanza na Jumamosi moja ya nguvu: mtoto anapelekwa uwanjani saa mbili nzima, Jumapili anaumwa mwili mzima, Jumatatu uamuzi umeshatolewa kwamba "michezo haimfai".

Huhitaji vifaa. Rede, ambayo Kenya wanaiita kati, ina mbio fupi zenye mapumziko katikati, na mtindo huo huwafaa watoto wa pumu na wa selimundu kuliko kukimbia mfululizo. Kombolela na kukimbizana hivyohivyo. Kuruka kamba na blada hujenga mifupa, kwa sababu mfupa huimarika kwa kupigwapigwa na uzito wa mwili. Kupanda miti huimarisha mikono na mgongo. Mdako ni mchezo mzuri wa akili na vidole, ila kwenye dakika 60 usiuhesabu. Na ndoo ya lita 20 kichwani kwa mtoto wa miaka minane ni mzigo, kwa hiyo usiandike "mazoezi ameshafanya kisimani".

Kuna siku za kutocheza kabisa, kwa mtoto yeyote: akiwa na homa, akiharisha au kutapika, au akiwa bado kwenye dozi ya malaria. Akipona, siku mbili tatu za kwanza ni za kutembea tu.

Mtoto wa pumu

Njia za hewa hubana kwa mazoezi kwa sababu mtoto anayehema haraka hupumua kwa mdomo. Hewa kavu au ya baridi inaingia bila kupitia puani, inakausha utando wa njia ya hewa, na misuli yake inajikaza. Mara nyingi kikohozi na kubanwa huja kati ya dakika 5 na 15 baada ya kusimama, si wakati wa kukimbia, kisha hupungua ndani ya nusu saa hadi saa moja. Mwalimu asiyelijua hili humwona mtoto mzima uwanjani na anayekohoa darasani, akadhani anatafuta kisingizio cha kukwepa hesabu.

Kabla ya kugusa inhela ya bluu, yaani kopo la kuvutia dawa ya salbutamol, tazama kama pumu yenyewe imedhibitiwa. Ikiwa mtoto anaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, mbali na zile anazovuta kabla ya michezo, au anaamka usiku kwa kikohozi, tatizo si mazoezi. Anahitaji dawa ya kuzuia, ile ya steroidi ya kuvuta kama beclometasone, au anayo na haitumii ipasavyo. Miongozo ya sasa haitaki mtoto wa miaka 6 na kuendelea atibiwe pumu kwa salbutamol peke yake. Rudi kliniki kwanza, kwani kumpa pafu mbili (mibonyezo miwili ya inhela) kabla ya mpira wakati mapafu yamevimba kila siku ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu.

Kama kliniki imeelekeza salbutamol kabla ya michezo, utaratibu wa kawaida ni pafu 2, dakika 10 hadi 15 kabla, kwa spesa, yaani chupa inayokaa kati ya inhela na mdomo. Bila spesa dawa nyingi hugonga ulimi na koo, mtoto anaimeza, mapafu yanapata kidogo.

Spesa ya dukani ikikosekana, chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500 inafanya kazi hiyo, na imejaribiwa kwa watoto huko Afrika Kusini ikaonekana inafaa. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, upashe moto, uubonyeze kwenye kitako cha chupa hadi utoboe tundu la umbo hilo. Chomeka inhela tundu likiwa bado na moto ili plastiki iishike vizuri, kisha zungushia gundi au tepu pasivuje hewa. Mdomo wa chupa ndio mtoto anaoweka kinywani. Ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe ikiwa imeinamishwa. Usiipanguse kwa kitambaa, maana kusugua plastiki kunaleta umeme tuli, na dawa inang'ang'ania kwenye kuta za chupa badala ya kwenda kifuani.

1. Tikisa inhela, ichomeke, mtoto asimame au akae wima.
2. Abane midomo kuzunguka chupa. Bonyeza mara moja tu.
3. Avute na kutoa pumzi ya kawaida mara 5 au 6 bila kutoa chupa mdomoni.
4. Subiri nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, rudia pafu ya pili.

Kosa kubwa ni kubonyeza mara mbili mfululizo kwenye chupa moja. Matone hugongana, yanakuwa makubwa, yanabaki humo humo. Kosa la pili ni kutumia kopo lililokwisha. Kopo la salbutamol kwa kawaida lina pafu 200, na likiisha dawa bado hutoa mvuke na mlio uleule kwa sababu gesi ya kusukuma imebaki. Kama halina namba za kuhesabu, andika tarehe ya kuanza ubavuni. Pafu 2 kwa siku 5 ni 10 kwa wiki, kwa hiyo likitumika kwa michezo tu litafika wiki 20, na la mtoto anayelitumia pia kwa dharura litaisha mapema zaidi.

Baada ya dawa, kupasha kwa dakika 10: tatu za kutembea haraka, tatu za kukimbia polepole, zilizobaki mbio za sekunde 20 hadi 30 zenye mapumziko ya kama dakika moja. Mbio hizo fupi kwa watoto wengi hupunguza kubanwa kwa saa moja au mbili zinazofuata. Kumaliza nako kuwe kwa kushusha mwendo dakika 5, si kusimama ghafla na kwenda kulala kivulini.

Uwanja nao una sehemu yake. Wa udongo wakati wa kiangazi umwagiwe maji kidogo, au mtoto acheze upande ambao upepo hautoki kwenye vumbi na moshi wa takataka. Asubuhi za baridi kali, kama za Makete au Limuru, ajifunge skafu puani na mdomoni wakati wa kupasha. Kuogelea huwafaa wengi kwa sababu hewa ya juu ya maji ina unyevu.

Akibanwa: asimame, akae wima, avute pafu 4 moja moja kwa spesa, msubiri dakika 4. Kama hajapata nafuu, rudia 4 nyingine huku usafiri wa hospitali unatafutwa, na uendelee hivyo njiani. Midomo ikiwa ya bluu, mbavu zikiingia ndani, akishindwa kumaliza sentensi, au kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kikinyamaza huku yeye anahangaika, ni gari moja kwa moja. Ukimya huo watu huudhani nafuu, kumbe hewa haipiti.

Mtoto wa selimundu

Tanzania, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, hivyo karibu kila shule ya Kanda ya Ziwa inaye. Hapa kipimo kina dirisha jembamba zaidi: mazoezi ya wastani humfaa, ila kujisukuma hadi kuishiwa pumzi, kukaukiwa maji na baridi ya ghafla huzifanya chembe za damu zijikunje na kuziba mishipa midogo. Maumivu huanzia hapo.

Kwa hiyo mfumo wake ni wa vipande: dakika 2 hadi 3 za mchezo wa ukali wa kati, kisha dakika moja au mbili za kutembea, kwa jumla ya dakika 20 mwanzoni, ukiongeza taratibu. Asipimwe kwa saa ya mwalimu wala kushindanishwa kumaliza mizunguko. Kanuni iwe kwamba yeye mwenyewe ndiye anayesema "nimechoka", na akisema anapumzika papo hapo bila kuulizwa mara ya pili. Mbio za kukata roho, adhabu ya kuruka kichurachura na kuzungushwa uwanja juani zisimguse. Kusema kweli adhabu hizo hazimfai mtoto yeyote.

Maji ni nusu ya dawa yake. Bilauri moja ya mililita 200 hadi 250 nusu saa kabla, kisha mafunda yanayofikia mililita 100 hadi 150 kila baada ya dakika 15 au 20, na tena akimaliza. Asingoje kiu. Figo zake hazina uwezo wa kubana maji, kwa hiyo atakojoa mara nyingi hata akiwa na upungufu wa maji mwilini. Mwalimu anayemkatalia kwenda chooni humfundisha kuacha kunywa, na asubuhi yake mtoto analazwa. Acheze kabla ya saa nne au baada ya saa kumi, kivulini ikiwezekana. Akilowa jasho au mvua, abadilishwe nguo mara moja. Kuogelea kwenye maji ya baridi kisha kusimama upeponi ni njia inayojulikana ya kuanzisha maumivu. Maji ya uvuguvugu na taulo tayari ukingoni, sawa.

Bandama ikiwa imevimba, michezo ya kugongana kama mpira wa miguu wa kukabana isubiri, kwa sababu pigo la tumboni laweza kuipasua. Akianza kuchechemea au kulalamika kinena au goti bila kuumia, asichuliwe. Apigwe picha ya nyonga, kwani kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu kikafa polepole, na kumkimbiza juu yake ni kukibomoa. Homa ya 38.5 na zaidi, maumivu ya kifua yenye kuhema, au weupe wa ghafla wa viganja ni hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza

Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kwenye damu, hata kwa insulini kidogo. Faida na hatari vyote vinatoka hapo. Mpe mtoto mashine ya kupimia, apime kabla ya kuanza, na asome hivi kwa mmol/L, kipimo ambacho mashine nyingi za kwetu hutumia:

Chini ya 4 ni sukari imeshuka. Itibiwe kwanza. Kati ya 4 na 5, apate gramu 10 hadi 20 za wanga, asubiri ipande. Kati ya 5 na 7, gramu 10 halafu aanze. Kati ya 7 na 10 ndipo pazuri pa kuanzia. Kati ya 10 na 15 aanze bila kuongezewa kitu. Zaidi ya 15, uliza sababu: kama ametoka kula na yuko mzima, acheze kwa upole na apime tena. Kama haieleweki, pima ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini. Zikiwa 1.5 au zaidi kwenye damu, au alama mbili za kujumlisha na kuendelea kwenye mkojo, hakuna mazoezi, kwa sababu mwili hauna insulini ya kutosha na mbio zitapandisha sukari na ketoni zaidi. Bila kipimo cha ketoni, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa kina au harufu ya matunda mdomoni vinatosha kumpeleka hospitali. Aliyepata kushuka kukubwa kwa sukari, kwa degedege au kupoteza fahamu, ndani ya saa 24 zilizopita, siku hiyo asicheze.

Gramu 15 za wanga ni kama kipande kimoja cha mkate, chungwa moja, au vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa. Mtoto wa kilo 30 anayecheza saa nzima huhitaji karibu gramu 15 za ziada, na hufika 30 kama insulini iko kwenye kilele chake. Wengi hapa hutumia insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, na sehemu yake ya polepole huwa kileleni mchana, pale pale kipindi cha michezo kinapoangukia. Kwa mchanganyiko huwezi kupunguza insulini ya mlo mmoja peke yake, hivyo njia rahisi ni kitafunwa kabla na katikati. Anayechoma insulini ya haraka kila mlo anaweza kupunguziwa ile ya mlo ulio ndani ya saa mbili kabla ya mchezo, kwa kati ya robo na robo tatu kulingana na ukali, kama daktari wake alivyopanga. Sindano kabla ya mbio isichomwe pajani, kwani damu ikienda kasi huko insulini hufyonzwa haraka. Achome tumboni.

Sukari ikishuka uwanjani, atatetemeka, atatoa jasho la baridi, atakuwa mkali au mzubavu ghafla. Gramu 0.3 za sukari kwa kila kilo: kilo 30 ni vijiko viwili vilivyojaa kwenye maji, kilo 50 ni vitatu. Pima baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini. Andazi na chokoleti havifai hapa, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia. Soda isiyo na sukari ndiyo kabisa, na imeshachanganywa zaidi ya mara moja na watu wenye nia njema. Asiyejitambua asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, apelekwe.

Hatari inayosahaulika ni ya usiku. Baada ya jioni ya mchezo mgumu misuli huendelea kujaza akiba yake, na sukari yaweza kushuka baada ya muda wa saa 7 hadi 11, mtoto akiwa usingizini. Apime kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 7, apate gramu 10 hadi 15 zaidi, kwa mfano mkate na maziwa. Siku za kambi ya UMITASHUMTA au UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari Tanzania, ambapo anacheza mara mbili kwa siku, zaidi ya alivyozoea, kliniki ipange kupunguza insulini ya usiku tangu siku ya kwanza, na anayelala naye bweni ajue sukari ilipo. Kinyume chake, fainali yenye mbio za kasi na presha ya mashabiki inaweza kupandisha sukari ghafla. Usikimbilie kuchoma dozi kamili ya kurekebisha, hushuka yenyewe baadaye.

Kifafa na moyo, kwa ufupi

Mazoezi kwa kawaida hayaleti kifafa. Kukosa dawa na usingizi ndiko kunakoleta. Mtoto acheze mpira, rede, akimbie. Kuogelea na kupanda miti kuwe tu na mtu mzima aliye karibu, anayejua la kufanya, na mwenye uwezo wa kumtoa majini.

Moyo ni tofauti: hapa kipimo cha mazoezi hakiandikwi kabla ya echo, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Mwenye tundu la kuzaliwa nalo au valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi hupangiwa na daktari wa moyo, na wengi huruhusiwa zaidi ya wazazi wanavyodhani. Ila mtoto yeyote, hata asiye na ugonjwa unaojulikana, akizimia katikati ya mbio, akipata maumivu ya kifua anapokimbia, au ndugu yake akiwa amefariki ghafla angali kijana, asimame hadi apimwe. Kuzimia mstarini asubuhi bila kunywa chai ni jambo jingine. Kuzimia mguu ukiwa hewani si la kungoja.

Karatasi ya mwalimu

Iwe ukurasa mmoja, iandikwe kwa kalamu nzito, nakala tatu: mwalimu wa michezo, mwalimu wa darasa au matroni, na begi la mtoto. Juu kabisa andika anachoruhusiwa, kabla ya kilichokatazwa, kwa sababu mwalimu mwenye wanafunzi tisini husoma mstari wa kwanza. Mfano: "Anacheza michezo yote. Pafu 2 dakika 10 kabla ya kipindi. Apashe polepole. Akikohoa asimame, pafu 4 kwa chupa, subiri dakika 4." Chini yake dalili za kukimbizwa hospitali, namba mbili za simu zinazopatikana mchana, na mahali dawa ilipo. Inhela, sukari na maji vikae ukingoni mwa uwanja, si kwenye kabati la ofisi lenye kufuli na mwenye ufunguo kaenda benki. Insulini yenyewe isiachwe begini juani, ikae mahali pa baridi kivulini.

Karatasi ibadilishwe kila muhula, kwa sababu mtoto anaongezeka kilo na dozi inabadilika naye.